Mfiwa Mkuu wa Kiwanda cha Nguo

Iko nchi moja inaitwa Tulizana. Haiko mbali sana wala haiko karibu sana, na ramani yake ilichorwa na watu waliokuwa wakiwahi chakula cha mchana, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta. Akiona mambo ya huko yanafanana na ya kwao, basi awalaumu wa kwao. Hadithi hii haina ugomvi na mtu.

Tulizana ni nchi yenye maendeleo. Jambo hilo limeandikwa kwenye noti, kwenye stempu na kwenye kuta za vyoo vya serikali, ili hata aliyeshikwa na tumbo asilisahau. Zamani ilikuwa na Wizara ya Viwanda. Viwanda vilipokwisha, wizara ikabaki na waziri, magari na madereva, na kwa kuwa hakuna serikali yenye utu inayoweza kumfukuza dereva, wizara hiyo ikaunganishwa na ile ya Bustani. Ikaitwa Wizara ya Bustani na Viwanda Vilivyotangulia.

Hapo ndipo wakubwa walipogundua kitu ambacho wachumi wote walikuwa wamekipita bila kukiona: kiwanda kilichokufa ni nafuu kuliko kiwanda kizima. Kiwanda kizima kinataka pamba, kinataka umeme, na kina wafanyakazi wanaodai mshahara kila mwisho wa mwezi bila hata haya. Kiwanda kilichokufa kinataka uzio, maua na kibanda cha kukatia tiketi. Basi Kiwanda cha Nguo cha Taifa, kilichokuwa kimesimama katikati ya jiji bila kufanya kazi na bila kumsumbua mtu, kikapandiwa nyasi, kikazungushiwa maua, kikawa Bustani ya Urithi wa Viwanda. Wananchi wakaombwa waje kutazama walikotoka. Wengi wao walikuwa wametoka hapohapo, siku walipopunguzwa kazi, kwa hiyo hawakupata taabu ya kuuliza njia.

*

Kijana aliyewatembeza wageni katika bustani hiyo aliitwa Nurdini Mpunda. Namwita kijana kwa heshima tu, maana alianza kibarua hicho akiwa na nywele zote, na sasa utosi ulikuwa unaanza kuchungulia. Wafanyakazi wa kudumu walivaa kofia za kijani zenye nembo ya wizara. Vibarua walivaa kofia zilizobaki kwenye kampeni za mgombea mmoja aliyeshindwa na kuhama nchi, na waliagizwa kuzivaa ndani nje ili sura ya mtoro isionekane.

Nurdini alikuwa na sauti nzuri na kumbukumbu nzuri zaidi. Alikariri Maelezo Rasmi, yaliyotungwa na kamati, na alikatazwa kuyaongeza wala kuyapunguza.

"Mabibi na mabwana," alikuwa akisema, "mbele yenu ni bomba la moshi. Lina urefu wa kutosha. Lilitoa moshi kwa miaka mingi mpaka serikali yenu sikivu ilipolionea huruma na kulipumzisha. Kushoto ni mashine za kufuma, nazo zimepumzika. Na hapa kulia ni chumba cha mota kubwa iliyoendesha kiwanda kizima. Mota haipo, lakini nafasi yake imehifadhiwa vizuri sana."

Na kweli ilikuwa imehifadhiwa. Palikuwa na kitako cha saruji chenye mashimo manne ya bolti, kimezungushiwa kamba nyekundu, na kibao kilichoandikwa USIGUSE. Maharusi walipenda kupiga picha hapo kwa sababu palikuwa peupe, na wageni kutoka nje walisimama mbele ya ile nafasi na kuitikia kwa vichwa, wakidhani ni sanaa.

Mgeni akiuliza mota ilikokwenda, Maelezo Rasmi yalijibu kwamba imekwenda kwenye matengenezo. Mota hiyo ilikuwa shambani kwa Waziri, nje kidogo ya jiji, kando ya barabara kuu, ikiendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Kila aliyesafiri kwa basi aliiona. Kwa kuwa kila mtu alikuwa anajua, haikuwa habari, na magazeti ya Tulizana huandika habari tu.

Siku moja kwenye kundi la wageni alikuwamo Bi Mwatumu, shangazi yake Nurdini, dada wa baba yake. Huyu bibi alifanya kazi kwenye mashine za kufuma tangu usichana mpaka siku walipoambiwa warudi nyumbani wakasubiri kuitwa. Alikata tiketi kama wengine, akavaa kanga mpya, akatembea polepole mpaka kwenye mashine yake. Aliijua hata bila namba. Uzi ulikuwa bado umekwama pale ulipokwama siku ile, naye akanyoosha mkono autoe.

"Shangazi, hairuhusiwi kugusa," Nurdini alinong'ona, akimtazama Bwana Fikirini, meneja wa bustani, aliyekuwa amesimama kwa mbali na kofia yake ya kijani.

"Hairuhusiwi na nani? Mimi na hii mashine tumezeeka pamoja."

"Ni urithi wa taifa sasa."

"Na mimi je?"

Maelezo Rasmi hayakumtaja shangazi. Nurdini akaona aibu, aibu ya kweli iliyomwasha masikio, lakini akaendelea na ziara. Alikuwa na sababu yake ya kuwa mtiifu.

*

Sababu hiyo iliitwa Mashavu, binti wa Mzee Ngwembe wa mtaa wa pili. Mashavu mwenyewe alisema angemkubali Nurdini hata kama angeuza barafu kwa miguu, lakini si yeye aliyekuwa akitoa idhini. Mzee Ngwembe alikuwa karani mstaafu, mtu wa koti na kalamu mfukoni, na kila Nurdini alipopeleka washenga, mzee aliwakaribisha chai, akawasikiliza, kisha akauliza swali lilelile.

"Huyo kijana wenu ameajiriwa serikalini, au anashinda serikalini?"

Washenga walirudi na chai tumboni na bila jibu la kumpa. Mzee alitaka ajira ya kudumu. Nurdini naye alikuwa ameahidiwa ajira ya kudumu kila mwaka, na kila mwaka Bwana Fikirini alimwambia suala lake liko jikoni. Likakaa huko jikoni mpaka Nurdini akaanza kushangaa ni mboga gani hiyo isiyoiva.

Kisha ikaja habari kutoka ng'ambo. Jumuiya moja ya watu matajiri wanaopenda vitu vikuukuu ilitaka kuiingiza bustani katika orodha yake ya dunia, na kuipa msaada mnono, kwa sharti moja tu: Tulizana ithibitishe kwamba kiwanda hicho hakifanyi kazi tena.

Hapo pakawa na kizaazaa. Hakuna mtu katika serikali aliyewahi kusema kiwanda kimekufa. Mawaziri wote waliopita walikuwa wametangaza kwamba kinafufuliwa. Mmoja alikifufua mara mbili. Mwingine alikikabidhi kwa mwekezaji akifufue, mwekezaji akajaza humo marobota ya mitumba na kusema huo ndio mwanzo. Kwa hiyo katika majalada yote ya nchi kiwanda kilikuwa hai, tena kinaendelea vizuri.

Baraza la Mawaziri likakaa. Likaamua kumpeleka daktari wa serikali. Daktari akaja na koti jeupe, akaweka kifaa chake cha kusikilizia mapigo kwenye tumbo la boila, akasikiliza upande wa kushoto, akasikiliza upande wa kulia, akatikisa kichwa. Akaandika kwamba marehemu amekufa kwa uzee. Kiwanda kilikuwa na umri mdogo kuliko Waziri, lakini hilo halikuandikwa.

Sasa basi, penye kifo pana msiba, na penye msiba wa taifa pana rambirambi za mataifa rafiki. Na rambirambi, kwa desturi ya Tulizana, hukabidhiwa mfiwa. Mawaziri wakatazamana. Wa kwanza kutoa machozi alikuwa Waziri wa Bustani na Viwanda Vilivyotangulia, Mheshimiwa Daktari Gwasuma Lipande, ambaye alilia kabla wenzake hawajapata leso. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba kutakuwa na mazishi ya heshima bustanini, kwamba mlango wa chumba cha mota utazibwa kwa zege kama kaburi, na kwamba Mheshimiwa Lipande, kwa uchungu mkubwa, amekubali kuwa mfiwa mkuu.

"Nurdini," alisema Bwana Fikirini kesho yake, akipangusa jasho, "siku hiyo utasoma Maelezo Rasmi mbele ya mabalozi. Mheshimiwa akiridhika, unathibitishwa palepale. Nimeshapewa kofia yako. Asiporidhika, mimi sikujui."

Nurdini alikuwa ameshaisikia redio, na hakufurahi. Alikuwa ameona kitu ambacho Baraza zima la Mawaziri, na washauri wake, na madereva wake, hawakukiona.

*

Mheshimiwa Lipande alikuwa Mgendo. Nurdini alikuwa Mpwata. Na Wagendo na Wapwata ni watani.

Utani wao ulianza zamani sana, Wapwata walipowaibia Wagendo kisima. Jinsi walivyokibeba haijulikani, na kila upande una maelezo yake. Walipigana, wakachoka, wakapatana, na tangu hapo wakaoana na kutukanana kwa raha. Lakini mahali pa utani hasa ni msibani. Mgendo akifiwa, Wapwata huja bila kuitwa. Hupika, huchota maji, huigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kusema, hueleza alichokuwa nacho, nani alimla, nani alimtesa, na nani sasa analia kuliko wote. Hukalia kaburi mpaka mfiwa awalipe faini wanayoitaka, ndipo wanapoondoka mazishi yaendelee. Na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, ukoo wake mwenyewe humcheka mpaka anahama.

Katiba ya Tulizana imebadilishwa mara nyingi kuliko matairi ya basi, lakini kipengele cha utani hakijaguswa. Kinasema mtani haguswi, hashtakiwi, hapigwi wala hanyang'anywi riziki yake kwa neno alilolisema msibani, mpaka matanga yatakapoanuliwa. Na matanga hayaanuliwi mpaka watani waseme wametosheka. Wabunge walijaribu kukifuta mara moja. Bahati mbaya wiki hiyo mmoja wao alifiwa na mjomba, na kwa jinsi watani walivyomfanya msibani, hoja hiyo haikurudi tena bungeni.

Sasa waziri mwenye shahada za heshima kutoka vyuo vitatu alikuwa amejitangaza mfiwa mbele ya nchi nzima, tena mfiwa mkuu, katika jiji lililojaa Wapwata.

Nurdini alikwenda mbio kwa shangazi yake. Alimkuta anakunja mkeka.

"Shikamoo shangazi. Unakwenda wapi na mkeka?"

"Marahaba. Si msibani? Mgendo amefiwa, Mpwata akae nyumbani? Watu watatuonaje?"

"Shangazi, nakuomba. Usije."

"Kwa nini?"

"Siku hiyo ndiyo naajiriwa. Mheshimiwa akichukia nimekwisha. Mzee Ngwembe atamwoza Mashavu kwa mwingine, na mimi nitazeeka na kofia ya yule mtoro."

"Kazi yenyewe si ile ya kuwaonyesha watu mahali ambapo mota haipo?"

"Ndiyo hiyo. Ndiyo niliyonayo."

Bi Mwatumu akamtazama. Alimlea huyu kwa ujira wa kiwanda kilekile, alimpeleka shule na sare iliyofumwa humo, na hakupenda kumwona mtu mzima yuko karibu kulia.

"Haya, nisikilize," alisema. "Sitasema neno. Nakuapia. Nitakwenda kukaa tu, kama mtu aliyefiwa na kazi yake. Hata kukaa nako hakuruhusiwi?"

Nurdini akashukuru, akarudi kazini akiwa amepata nafuu kidogo. Alikuwa amesahau kwamba katika utani, kukaa ndiko kwenye maneno.

*

Siku ya mazishi bustani ilipendeza. Bomba la moshi lilifungwa kitambaa cheusi kilichoagizwa kutoka nje, kwa kuwa kiwanda cha nguo cha nchi hiyo kilikuwa kimefariki. Mabalozi walikaa chini ya turubai. Wafanyakazi wa zamani waliruhusiwa kusimama nyuma ya uzio, baada ya kukata tiketi. Mbele ya mlango wa chumba cha mota, mafundi walikuwa tayari na zege, na kando ya jukwaa lilikuwapo sanduku kubwa la rambirambi lenye tundu pana.

Mheshimiwa Lipande alipanda jukwaani akiwa na suti nyeusi na miwani nyeusi.

"Ndugu waombolezaji, ndugu wanahabari," alianza. "Kifo ni hatua muhimu katika maendeleo. Huwezi kufa kama hujawahi kuishi. Kiwanda hiki kimekufa, na huo ni ushahidi tosha kwamba serikali zilizopita, ambazo zote nilikuwamo, zilijenga. Wapo wanaouliza nani amekiua. Hilo ni swali la watu wasio na utamaduni. Kwetu sisi mtu akifiwa hupewa pole, haulizwi maswali. Na mimi leo, mbele yenu na mbele ya mabalozi, natamka kwa uchungu kwamba mfiwa mkuu ni mimi."

Akavua miwani, akafuta jicho moja lililokuwa upande wa kamera. Kisha akawapungia mafundi mkono waanze kumwaga zege.

Mafundi hawakuanza. Bi Mwatumu alikuwa amepenya uzio, ametandika mkeka wake mlangoni, amekaa, amenyoosha miguu, na wala hasemi kitu. Nyuma ya uzio minong'ono ikaanza, maana Wapwata waliokuwapo walielewa mara moja, na Wagendo waliokuwapo walielewa mapema zaidi.

"Nani huyu mama?" Waziri aliuliza, na kipaza sauti kikamsikia.

"Ni mgeni, Mheshimiwa," alisema Bwana Fikirini. "Anaondoka sasa hivi. Nurdini, mwondoe."

Nurdini alikuwa amesimama kando na Maelezo Rasmi kichwani, tayari kuanza kuyasema. Alimtazama shangazi yake. Alitegemea atamlaumu kwa macho, lakini Bi Mwatumu hakumlaumu wala hakumwomba. Alikuwa anautazama mlango uliokuwa unakwenda kuzibwa.

"Nurdini, husikii? Mshike mkono umtoe," alisema Bwana Fikirini akiwa ameuma meno.

Nurdini akatembea mpaka mlangoni. Akainama kana kwamba anamshika mkono. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya mkeka, akampita shangazi, akaruka kamba nyekundu na kupanda juu ya kile kitako cha saruji, mahali palipohifadhiwa vizuri sana. Hakujua aanzeje, kwa hiyo akaanza kama alivyozoea.

"Mabibi na mabwana," alisema, "mbele yenu ni marehemu."

Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja.

"Marehemu ni mimi. Nilizaliwa mzima. Niliivalisha nchi hii kanga, sare za shule, shuka za hospitali, na hata kombati za hao askari wanaonitazama vibaya. Asubuhi nilikuwa napiga king'ora, mji mzima unaamka kwenda kazini, na wezi wanarudi nyumbani kulala."

Mtu mmoja nyuma ya uzio akacheka. Nurdini akapata nguvu.

"Siku moja ndugu zangu wakaja wakasema naumwa. Nikasema siumwi. Wakasema mgonjwa hajijui. Wakanitoa moyo, wakasema wanaupeleka kutibiwa. Mpaka leo sijaletewa moyo wala majibu ya daktari. Wakaja wengine wakasema wananifufua, wakanijaza tumbo mitumba. Nguo za watu ng'ambo, mimi niliyekuwa nafuma zangu. Nikaona aibu, nikafa. Sasa wamekuja kunilia, na anayelia kuliko wote ni mtani wangu pale mwenye suti."

Uzio ulianza kuyumba kwa kicheko. Mabalozi wakaanza kuulizana.

"Mtani, sina kinyongo. Nasikia moyo wangu uko shambani kwako, unapukuchua mahindi. Nasikia afya yake ni nzuri. Lakini nikuulize, wewe unayejua utamaduni. Maiti gani anazikwa huku moyo wake uko kazini?"

Hapo watu hawakujizuia tena. Askari wa kombati waligeukia ukutani, mabega yanawacheza. Mheshimiwa Lipande alisimama jukwaani akiwa amekunja ngumi, na kila Mgendo aliyekuwapo alikuwa anamtazama aone kama atakasirika. Ukoo wake mzima ulikuwa unasikiliza redio. Akafanya kitu pekee alichoweza kufanya, akacheka. Alicheka kwa meno yote, na cheko hilo lilionekana kumuuma.

Bi Mwatumu, ambaye hakuvunja kiapo chake, alinyoosha mkono mtupu kudai faini. Waziri akashuka, akatoa noti, akampa. Bibi akaipokea, akaichomeka kwenye kanga, akatikisa kichwa kwamba haitoshi. Akanyoosha kidole kwenye kile kitako cha saruji alipokuwa amesimama Nurdini.

"Mota," akaitikia mtu nyuma ya uzio, na wengine wakafuata, mpaka bustani nzima ikawa inaimba mota.

"Haya, haya," alisema Waziri akicheka bado, maana kipaza sauti kilikuwa mbele yake na mabalozi nyuma yake. "Nitawaletea mota yenu, watani wabaya nyie."

Alifikiri amejinasua. Lakini alikuwa ameahidi faini msibani, mbele ya watu, na faini ya watani haisahauliwi kama ahadi za kampeni.

*

Jioni Bwana Fikirini alimwita Nurdini ofisini. Mezani palikuwa na kofia ya kijani, na Katiba.

"Umefukuzwa kazi," alisema.

"Sawa, bosi."

"Bado sijamaliza. Umefukuzwa kazi kuanzia siku matanga yatakapoanuliwa. Kabla ya hapo siruhusiwi kukugusa. Kesho njoo kama kawaida."

Basi Nurdini akaja kesho yake kama kawaida, na keshokutwa. Bi Mwatumu alikuwa amehamishia mkeka wake mlangoni, wenzake wa zamani wakaja na mikeka yao na masufuria. Watu walikuja kuhani. Na kwa kuwa pale ndipo mahali pekee katika Tulizana ambapo mtu angesema neno asishikwe, kila aliyekuja alikuwa na la kusema. Muuguzi alikuja kusema habari za dawa. Mwalimu alikuja kusema habari za madawati. Idadi ya wananchi waliogundua ghafla kwamba bibi zao walikuwa Wapwata iliongezeka mno. Makusanyo ya tiketi yalipanda, na wizara ikayataja katika hotuba ya bajeti kama mafanikio.

Waziri alihangaika. Kwanza alileta mota ya pampu ya maji iliyopakwa rangi. Watani wakaizunguka, wakaipima na mashimo ya bolti, wakairudisha wakisema huo ni moyo wa jirani. Kisha akatuma fedha, wakanunulia mchele wa msiba. Mwishoni akatangaza kwamba kwa utafiti uliofanywa na wataalamu, yeye si Mgendo hata kidogo. Siku hiyohiyo mama yake mzazi alipiga simu redioni kuuliza, kama mwanawe si Mgendo, yeye na marehemu mumewe walimzaa nani. Waziri akarudi kuwa Mgendo.

Usiku Nurdini alikuwa halali vizuri. Mchana watu walimshika mkono na kumwita shujaa, lakini yeye alijua kwamba kufukuzwa kwake kumeshachapwa na kupigwa muhuri, na kwamba Mashavu anamsubiri kwa baba yake mwenye swali moja.

Mzee Ngwembe alikuja kuhani siku ya Alhamisi, na koti lake na kalamu yake. Akatoa pole, akakaa kwenye jamvi, akanywa chai ya msiba, kisha akamgeukia Nurdini.

"Nimesikia wamekufukuza."

"Ndiyo, mzee. Lakini bado."

"Bado vipi?"

"Mpaka matanga yaanuliwe."

"Yataanuliwa lini?"

"Mota ikirudi," Bi Mwatumu alimjibia.

"Na Mheshimiwa anashindwa nini kuirudisha? Si iko pale barabarani?"

"Akiirudisha, atakuwa amekiri kwamba aliichukua."

"Na asipoirudisha?"

"Tunaendelea kulia."

Mzee Ngwembe akaizungusha chai kwenye kikombe. "Mimi nilikuwa na ajira ya kudumu," alisema. "Ilidumu mpaka Ijumaa moja tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli." Akafikiri tena. "Na ujira unaupata?"

"Unakuja, mzee. Wanaogopa kuukata msibani."

"Kwa hiyo huyo Waziri, na atakayemfuata, hawezi kukufukuza mpaka akubali kwamba yeye ni mwizi."

"Ndivyo katiba inavyosema, mzee."

Mzee akaweka kikombe chini. Akatazama bomba la moshi, akatazama ile mikeka, akamtazama Nurdini kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, kama anakagua jalada kwa mara ya mwisho kabla ya kusaini.

"Kijana, nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote, na sijapata kuona ajira ya kudumu kama hii," alisema. "Washenga waje Jumapili. Na nyumbani tutaanza dua leoleo, Mheshimiwa asije akatubu."